Kibirika Hakikuwaka

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta mwingine, kwa sababu njiani tulikutana na watu kadhaa na wote walikuwa na akili zao timamu. Mmoja wao alikuwa tayari ameshika kitambaa mkononi, anataka kunisaidia bure, nikamfukuza kwa mzaha. Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Kwa miaka kumi na tisa nimelala chali chini ya dashibodi za watu, bisibisi mdomoni, miguu ikining'inia nje ya mlango, na kama kuna mtu aliyepaswa kujua taa ya gari inataka nini ikiwaka, ni mimi. Mtu asiyejua akifanya ujinga, ataelekezwa na mambo yataisha. Wangu ulikuwa ujinga wa fundi, wenye cheti na uzoefu.

Simu ya mama mdogo iliingia alfajiri nikiwa bado natafuta soksi. Alisema mama amelazwa tangu jana jioni, pumzi haimtoshi, na madaktari wamesema moyo umechoka. Nikampigia dada. Dada yangu ni muuguzi, na asubuhi hiyo alikuwa anatoka zamu. Hakulia wala hakuuliza mengi. Alikata simu yangu, akapiga kule wodini alikolazwa mama, akaongea na muuguzi mwenzake kwa lugha yao ya kazini, kisha akanirudia na maneno mawili tu: twende leo.

Nilimkuta getini kwake amesimama na mkoba begani, sare nyeupe bado mwilini, macho mekundu kwa kukesha. Kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba usukani ni wangu. Gari lilikuwa lake. Alilinunua miaka minne nyuma kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, gari dogo jeupe lenye mlango mmoja wa nyuma usiofunguka mpaka ubembelezwe. Wakati analinunua nilikuwa mbali kikazi, sikulikagua. Niliporudi nililikuta limeshaoshwa, limeshapewa na jina, Nesi Mdogo. Nami sikuona sababu ya kulipekua, maana liliwaka vizuri na halikuwa na kelele.

Safari yenyewe ni ya saa nane na nusu, ukienda bila kusimamasimama. Dada aliniuliza kama nimelikagua. Nikafungua boneti, nikatazama maji, nikaipigapiga betri kichwani kama mtoto aliyefaulu mtihani, nikafunga. Akauliza oili je. Nikamwambia oili ina mlinzi wake, nikamwita aje aone. Nikageuza ufunguo nusu. Taa zote za dashibodi zikawaka, kikiwemo kile kibirika chekundu chenye tone mdomoni, ambacho kazi yake ni moja tu: kupiga kelele oili ikipungua. Nikawasha injini. Taa zote zikazimika kwa mpigo, kama darasa mwalimu akiingia.

"Umeona?" nikamwambia. "Kibirika kizima. Kikinyamaza, twende. Kikiwaka, nitasimama hata kama ni katikati ya daraja."

Akapanda. Hakuna mtu anayebishana na fundi kuhusu gari saa kumi na mbili asubuhi.

Saa mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Barabara ilikuwa tupu, dada alilala kichwa kikigonga kioo, na mimi niliendesha nikimwaza mama.

Mama yetu alikuwa fundi cherehani. Katutunza wawili kwa mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, na mimi ndiye niliyekuwa kichekesho chake. Dada alifagia, mimi nilichekesha. Nilipoanza ufundi, mzee aliyenifundisha alinionya kwamba joto la injini hulegeza gundi ya tepu, kwa hiyo kila kiungo cha waya nikishakizungushia tepu nikifunge kwa uzi. Nikaenda kwa mama kuomba uzi. Akanipa koni nzima ya zambarau, kubwa kama kichwa cha mtoto. Alikuwa ameinunua kwa kukosea, taa ya dukani ikamdanganya kwamba ni ya bluu, na hakuna mteja aliyewahi kutaka nguo ya rangi ile. Nimeutumia uzi huo miaka yote na haujaisha. Mama alijivuna nao kuliko mimi. Wateja wakija kuchukua nguo alikuwa akiwaambia, "Mnaona uzi wangu kwenye magauni tu? Uko ndani ya magari mia moja."

Ulikuwa ndani ya mengi zaidi ya hayo, na si yote ningependa ayajue.

Kwenye saa tatu hivi taa ikawaka. Haikuwa kibirika. Ilikuwa ile ya njano yenye picha ya injini. Dada akaamka kama aliyepigwa kofi. Sijui aliionaje akiwa amefumba macho. Nadhani watu wa wodini hawalali na macho yote mawili.

"Simama," akasema.

Nikamweleza kwamba taa ile mafundi tunaiita shangazi. Inalalamika kwa kila kitu: umeme ukipungua kidogo inalalamika, mafuta yakiwa machafu inalalamika, ukifunga mlango kwa hasira nayo inakasirika. Ya kuogopa ni nyekundu, na nyekundu zote zimelala. Akasema wodini kwake taa ikiwaka wanakimbilia kitandani, hawaanzi kuipangia ukoo. Nikamwambia ndiyo maana wauguzi wanachoka na mafundi wananenepa.

Kisha, ili kumtoa wasiwasi, nikamsimulia habari za yadi.

Kwa miaka sita nilifanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Gari likifika na taa zake zimewaka, kabla ya mnunuzi kuja, mwenye yadi alinisukumia huku anakohoa kidogo. Kikohozi kile ndiyo yalikuwa maagizo. Nilikuwa bingwa wa kuzinyamazisha. Kung'oa glopu ni kazi ya mwanagenzi, kwa sababu mnunuzi mjanja anageuza ufunguo kwanza aone taa zote ziwake. Asipoiona moja, anaondoka. Ubingwa ulikuwa kuchukua waya wa kibirika na kuufungisha ndoa na waya wa taa ya betri. Ukigeuza ufunguo vinawaka pamoja, injini ikiwaka vinazimika pamoja. Mnunuzi anatabasamu, mwenye yadi anatabasamu, na kibirika kuanzia siku hiyo ni bubu, hata oili ikauke kabisa.

Nilisimulia kwa madoido, na kikohozi cha mwenye yadi nikakiigiza. Kwa kawaida mahali hapo watu hucheka. Dada aliniangalia.

"Na walioyanunua?"

"Wanaendesha," nikasema.

Taa ya njano iliendelea kututazama. Nikaona lazima nifanye kitu, nikaingiza mkono kwenye mkoba wake, nikatoa plasta, ile ya kidonda, nikaimenya kwa meno huku naendesha, nikaibandika juu ya taa.

"Mgonjwa amehudumiwa, nesi."

Akacheka. Alikuwa hataki, machozi yalikuwa karibu, lakini akacheka, akanipiga begani kwa mkoba. Nami nikajiona nimefanya kazi. Katika familia yetu hiyo ndiyo zamu yangu: mtu akiogopa, namchekesha.

Saa tano tulisimama kujaza mafuta. Kwenye pampu alikuwa mama mmoja wa makamo, kofia ya kampuni imemkaa upande, kitambaa kimechomekwa kwenye mkanda. Alipomaliza kujaza akainama kidogo, akanusa. Akasema anasikia harufu ya oili kuungua, akachomoa kitambaa, akauliza kama anifungulie boneti apime, ni dakika moja tu. Nikamwambia, mama, huyu unayemwona ni fundi, na harufu unayoisikia ni ya fundi mwenyewe, sijaoga tangu alfajiri. Akatabasamu kwa heshima, akarudisha kitambaa mkandani. "Haya, baba. Safari njema." Dakika moja. Nimeikumbuka dakika hiyo mara nyingi kuliko siku yangu ya harusi.

Dada alikuwa pembeni na simu. Aliporudi uso ulikuwa umefunguka. Alikuwa ameongea na mama mwenyewe. Mama mdogo alimshikia simu sikioni. Sauti ilikuwa ndogo lakini ni yake. Alituambia tusiende mbio. Kisha akauliza kama dada anakuja na ile sare, kwa kuwa anataka wale wauguzi wa pale wamwone, wajue kwamba na yeye ana wake. Na alikuwa amemwomba mama mdogo amchane nywele.

"Lazima nifike," dada akasema, akijifunga mkanda. "Miaka miwili namwambia nakuja mwezi ujao."

Nikamwambia tutafika saa tisa kamili, hata chai tutainywa naye. Nilimaanisha.

Tulipokuwa tena barabarani akaniuliza kama mara ya mwisho nilipoongea na mama alisema chochote kuhusu kuumwa. Yeye alikuwa akimpigia kila Jumapili, na kila Jumapili aliambiwa sijambo, endelea na kazi zako mwanangu.

"Hapana," nikasema. "Tulicheka tu kama kawaida."

Sikumdanganya, ndivyo nilivyoiona wakati ule. Wiki tatu kabla, mama alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba siku hizi akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo anapanga mito mitatu mgongoni na kulala amekaa. Anakesha hivyo mpaka asubuhi kama askari wa zamu. Nikamwambia basi tumtafutie filimbi na tochi, na mbwa mmoja mkali. Mama alicheka, akacheka, mpaka kikohozi kikamshika tukaagana. Kwangu hicho kilikuwa kichekesho, na mtu akikuuliza habari za ugonjwa huendi kutafuta jibu kwenye vichekesho.

Saa saba na nusu injini ikaanza kugonga. Kwanza taratibu, kama jirani anayeomba chumvi. Kabla sijaondoa mguu, ikawa ni ngumi mlangoni, kisha chuma kikalia mara moja, mlio mrefu, na gari likanyamaza. Usukani ukawa mzito. Tuliteleza bila sauti mpaka ukingoni, magurudumu yakisaga kokoto, na tuliposimama nikaangalia dashibodi.

Kibirika kilikuwa kimewaka. Na taa ya betri imewaka. Zilikuwa zimewaka kwa kupepesa kope moja, hakuna iliyotangulia mwenzake, kama mapacha walioshikana mikono.

Mtu mwingine asingeona kitu hapo. Mimi nilikiona.

Nikashuka, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu, kimeungua rangi ya kahawia. Chini, upande wa nyuma wa injini, oili ilikuwa imetapakaa. Ilikuwa inavuja kidogo kidogo labda kwa miezi, na mwendo mrefu ukaimalizia. Dada alikwenda akasimama barabarani na sare yake nyeupe, mkono juu, akasimamisha magari.

Ningeweza kwenda kusimama naye. Badala yake nilichukua bisibisi, nikaingia chini ya dashibodi, nikalegeza skrubu nne, nikavuta kifuniko. Chuma cha ndani hakikuwa cheupe. Kilikuwa cha bluu, ile bluu ya gari moja lililokaa kwenye yadi yetu msimu mzima wa mvua, ambalo kibirika chake kilikuwa kinapepesa kila likisimama, na mwenye yadi akakohoa. Mtu alikuja akalipaka rangi baadaye, akaliuza, likafika kwa mwalimu, mwalimu akahama. Nyaya mbili zilikuwa zimeunganishwa vizuri sana. Kiungo safi. Tepu nyeusi, mizunguko mitano, na juu yake, umefungwa kwa fundo dogo na kukatwa kwa meno, uzi wa zambarau.

Nilikaa pale nikiuangalia. Ulikuwa imara. Haukuwa umelegea hata kidogo.

Nilirudisha kifuniko, nikakaza skrubu zote nne. Dada aliponiuliza ni nini nikasema oili imeisha. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Magari yalipita. Mengine yalikuwa yamejaa, mengine yaliona sare yakadhani ni ajali, yakaongeza mwendo. Tulikaa kwenye lile jua mpaka saa tisa kasorobo, ndipo lori la marumaru likasimama. Dereva alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa tepu. Dada akamweleza kwa sentensi moja, na yule mzee hakutaka ya pili. Akaondoa chakula chake kwenye kiti, akatupandisha, akalikanyaga lori mpaka marumaru zikawa zinalia nyuma kama vyombo jikoni. Kulisukuma kwake kote kulikuwa kilomita hamsini kwa saa. Kwenye milima tulipitwa na baiskeli, sitii chumvi, na mzee akawa anaomba radhi kila mlima kana kwamba yeye ndiye aliyeuweka.

Saa kumi kasoro dakika chache simu ya dada ikaita. Akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, macho mbele, mkono mmoja umeshika kishikio cha mlango.

"Nimesikia, mama mdogo," akasema. Akaiweka simu kwenye mkoba, akavuta zipu mpaka mwisho. Kisha akamgeukia dereva. "Baba, asante. Unaweza kwenda taratibu sasa. Hakuna haraka tena."

Mzee akatoa mguu. Marumaru zikatulia. Katika saa mbili zilizobaki, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilifungua mdomo kutafuta la kuchekesha, nikaukuta mtupu.

Mama alikuwa ameondoka saa tisa na dakika arobaini. Nilifanya hesabu ambayo kila mtu angeifanya. Gari lingekuwa zima, tungefika saa tisa. Dada angekaa na mama dakika arobaini, na sare yake, na wauguzi wa pale wangemwona.

Tulipofika, mama alikuwa bado wodini, pazia limevutwa kumzunguka. Nywele zake zilikuwa zimechanwa. Dada hakuanguka wala hakupiga kelele. Alimgusa shingoni kwa vidole viwili, pale wanapogusa, akaviacha hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akalinyoosha shuka pembe moja baada ya nyingine, mikunjo ya hospitali, kama anavyofanya kwa watu wa wengine kila siku. Muuguzi wa zamu alikuwa amesimama kwenye pazia. Akaiona sare, akainamisha kichwa, akampa nafasi.

Baadaye, koridoni, mama mdogo alikaa na dada kwenye benchi, kichwa kwa kichwa, akimweleza mambo kwa sauti ya chini. Nilisimama mbali kidogo na mfuko wa vitu vya mama, nikidhani ni maneno ya pole. Mara moja dada aliinua uso akanitazama, halafu akauinamisha tena.

Tulimzika. Watu walikuja, walikuwa wengi, wengine wamevaa nguo alizowashonea. Siku ya nne nyumba ilipotulia tukaingia mimi na dada kwenye chumba cha mama kupanga vitu vyake. Mama mdogo alikuwa uani anafua mashuka. Mashine ya kushonea ilikuwa dirishani, chini yake kitambaa kilichoshonwa nusu, na rafuni juu, kati ya koni za rangi za watu wenye akili, ilikuwepo koni mpya ndogo ya zambarau. Sikujua kwamba alikuwa amenunua nyingine. Mama mdogo alikuja kutuambia baadaye kwamba aliitafuta maduka matatu, safari hii kwa makusudi, kwa sababu aliona yangu lazima iko karibu kuisha.

Nikamwambia dada kila kitu. Yadi, lile gari la bluu, waya mbili, uzi. Nilisema kwa kufuata mpangilio, bila kuigiza kikohozi cha mtu yeyote. Nilipomaliza nikakaa kwenye kiti cha mashine nikisubiri anipige, au alie, au aseme nitoke.

Alikuwa anakunja magauni kitandani. Hakuacha kukunja. Akasema anajua. Fundi wa pale karibu, aliyelivuta gari kutoka njiani, alimpigia juzi na kumwambia kwamba kibirika chake kilifungwa kwa ujanja na kwamba mtu aliyefanya hivyo alikuwa fundi hasa, alifunga hata kwa uzi. Dada akamuuliza uzi wa rangi gani.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Basi ukikiri kosa na usipigwe, kuna wepesi wa aibu unaokuingia. Ulinifika pale pale. Nikajikuta nataka kuendelea kuongea, niupunguze mzigo zaidi, ikiwezekana niutue. Nikamwambia la gari ni langu lote, silikatai, mpaka kufa kwangu nitalibeba. Lakini tuwe wakweli, nikasema, gari lilituchelewesha kumwona tu, gari halikumuua. Kilichomuua ni moyo, na moyo haukuanza siku ile.

"Haukuanza siku ile," dada akakubali, akikunja.

Nikaona kama ananiunga mkono. Nikasema basi hata yeye asijilaumu. Muuguzi si mganga wa kubashiri. Alimpigia mama kila Jumapili, akaambiwa sijambo, angefanya nini zaidi? Mama alikuwa mtu wa kuficha, tumjuavyo sote. Alishona na homa, alishona na kidole kimepasuka.

Dada akasema, kwa alivyosimuliwa na mama mdogo pale koridoni, mama alikuwa hataki kumsumbua yeye kazini, ila hakuwa mtu wa kuficha.

Nikabisha. Nikasema alificha, na si kosa lake, ndivyo mama wanavyokuwa, lakini alificha. Miezi yote hiyo moyo unamchoka na hakuna aliyeambiwa. Gari angalau lilitoa taa ya njano, nikasema, hata kama mimi niliibandika plasta. Mama hakutoa hata hiyo. Angesema neno moja, kwa mtu yeyote, lile neno moja la kumfanya dada ashtuke na kupanda basi usiku huo huo. Moja tu. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama, mikono imefunguka, na ninakiri nilikuwa nimeanza kujiamini.

Dada aliliweka gauni la mwisho juu ya mengine. Akageukia kichwani mwa kitanda, pale ambapo hakuna aliyekuwa amepagusa tangu mama alipochukuliwa, na mito mitatu ilikuwa bado imesimamishwa ukutani, mmoja juu ya mwingine, katikati imebonyea umbo la mgongo. Akauchukua wa juu, akaukumbatia kifuani.

"Alikuambia wewe kwamba analala amekaa," akasema. "Ukamchekesha."